Giza Ambalo Bonifasi Hakwenda Kuvua

Shemeji yangu Bonifasi ni mtu mrefu, mpole, na mbishi wa kimyakimya. Ukimwambia jambo asilolitaka hakatai. Anakujibu, "Ngoja nifikirie," kisha anakwenda zake ziwani na hafikirii chochote. Nilianza kumtania siku alipokuja kumchumbia dada yangu Veneranda na sijaacha mpaka leo, maana ndivyo mashemeji tunavyoishi. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, mtaa wa mjini kwetu kando ya ziwa. Suti yake ya harusi niliishona mimi, na suruali ilimpwaya kwa sababu alikataa kusimama wima nimpime kiunoni. Eti anaona aibu kushikwashikwa na mwanamume mwenzake.

Mambo ninayoyasimulia yalitokea wakati mji wetu umejaa watu. Warundi walikuwa wakivuka mpaka kwa maelfu, wanashuka Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, wanaletwa mjini kwa meli, na uwanja wa mpira ukawa mahali pao pa kulala kabla ya kupelekwa kambini. Nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika, mahema, dawa, na madaktari ambao zamani tulikuwa tunawasikia redioni tu. Sokoni nyanya zilipanda bei na kila mtu akalalamika, mimi nikiwa mstari wa mbele. Sikujua kwamba msukosuko ule ungekuja kuigusa nyumba ya dada yangu.

Nyumba yenyewe ipo Katonga, karibu na mwalo wanaposhushia samaki. Ni nyumba safi, ina bati jipya, ina maua kwenye makopo, na kwa miaka yote ile haikuwa na mtoto. Bonifasi alimpenda mkewe waziwazi, mpaka wenzake wakamcheka. Lakini mama yake, Mama Melania, anaishi Kasulu, na alikuwa akishuka mara kwa mara na basi, kafunga kitenge chake kifuani, kuja kutazama tumbo la Veneranda kama mtu anayekagua shamba. Baba yake Bonifasi amefariki, naye Bonifasi ndiye mtoto wa kiume wa pekee. Siku moja yule mama akasema mbele yangu, bila kupunguza sauti, kwamba amekwisha kupata binti mwingine huko kwao, na kwamba Veneranda arudi kwetu Kasingirima kwa amani, hajamkosea mtu.

Nilikasirika nusura nipasuke. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai mkononi. Alimwekea mama mkwe wake kikombe, akamtilia sukari, akarudi jikoni. Bonifasi alimtazama mama yake, akasema, "Ngoja nifikirie."

Basi Veneranda akaenda hospitali kwa mara nyingine. Alikuwa amekwisha kupimwa kila kitu anachopimwa mwanamke, na kila mara anaambiwa hana tatizo. Safari hii alimkuta nesi mgeni, Asnath, Mpare kutoka Same, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye serikali ilimleta kuongeza nguvu wakati wa wakimbizi. Asnath alisoma vyeti vyote, akauliza, "Na mume amepimwa nini?"

"Hajapimwa kitu," akajibu Veneranda.

"Hata siku moja?"

"Yeye ni mzima. Anavuta wavu."

Asnath akamwambia kwamba kuvuta wavu ni mikono, na mtoto hatengenezwi kwa mikono. Akamtaka mume aje, atoe mbegu kwenye kikopo zipimwe.

Bonifasi alipoambiwa, alisema neno lake lile. Ndipo dada yangu, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mumewe, akamjibu huku anachambua mchele. "Mimi nimepimwa mpaka nimechoka. Nimelala chali mbele ya watu nisiowajua hata majina. Wewe unaogopa kikopo." Nilikuwepo. Bonifasi akaniomba nimsindikize.

Sitaeleza ya kile kikopo na kile chumba kidogo chenye kitasa kibovu, ambacho mimi ndiye niliyesimama nje kushikilia mlango wake. Inatosha kusema kwamba alitoka jasho linamtiririka, akanikataza nisimwangalie, na nilipojaribu kumtania akaniambia, "Shemeji, leo usinianze." Majibu yakaja: mbegu zipo, ila chache na nyingi zimechoka, haziogelei. Asnath akatuambia tusiondoke, maana kuna daktari bingwa wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume, Daktari Walter, amekuja kutibu watu wa kambini na atakuwa mjini wiki ile.

Foleni yake ilikuwa ndefu, ya wanaume watupu, na sijapata kuona foleni iliyo kimya namna ile. Kila mmoja alijifanya amekuja kwa ajili ya mgongo. Aliyekuwa na furaha ni mzee mmoja wa Kirundi tu, aliyeletwa kutoka kambini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume siku chache nyuma, na sasa alitaka dunia nzima ijue. Alitukaribisha kwenye benchi kama kwamba ni lake.

"Amahoro, bana banje, amani kwenu wanangu. Miezi mitatu nilikuwa natembea na mpira na mfuko wa mkojo," alisema. "Nikafikiri watanichana tumbo kama walivyomchana kaka yangu zamani. Oya, hapana. Wamepita mulemule munapita mukojo. Kifaa chembamba, kina taa na kioo mbele. Wanaona ndani kwenye televisheni, wanaikwangua ile tezi polepole."

"Kina taa?" aliuliza Bonifasi.

"Ego, taa kabisa."

Hilo lilimwingia. Bonifasi ni mtu wa taa. Maisha yake yote ametafuta vitu kwenye maji kwa kutumia taa, na kwa mara ya kwanza nikaona anapendezwa na jambo la hospitali. Alimuuliza yule mzee taa ina ukubwa gani, inatumia betri au umeme, mpaka tukaitwa.

Daktari Walter alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Alimpima Bonifasi amesimama, na safari hii shemeji alisimama wima, sijui kwa nini hakunifanyia mimi hivyo. Akamwonyesha kwenye mashine kwamba juu ya korodani ya kushoto kuna mishipa ya damu iliyovimba na kujisokota. Damu inatuama pale, inaleta joto, na mbegu hazipendi joto. Akasema zamani watu walikuwa wanaachwa hivyo, au wanakatwa ovyo na mishipa mizuri inakwenda na mibaya. Siku hizi daktari anachana mahali padogo tu kwenye kinena, anavaa miwani ya kukuza, anaifunga mishipa mibovu mmoja mmoja na kuuacha ule unaoleta damu safi. Mgonjwa anarudi nyumbani kesho yake. "Ila uwe na subira," akasema. "Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Na usivute wavu kwa sasa."

Alifanyiwa. Nilimpelekea uji. Alilala kitandani kama mfalme aliyeangushwa, akiinuka anatembea amepanua miguu, na mimi nilijizuia kumcheka mpaka nilipofika barabarani. Martini, mwenye chombo na mkubwa wa wavuvi wenzake, alimwelewa. Alimtoa kwenye kuvuta wavu akamweka kwenye taa tu.

Hapa niseme kidogo jinsi wanavyovua, kwa msomaji wa mbali. Dagaa wetu hufuata mwanga. Kwa hiyo wavuvi hutoka usiku wa giza, wakati hakuna mwezi, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanapanda, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa sababu ziwa lote linang'aa. Chombo cha Martini kilikuwa hakivui hapa karibu. Giza likianza, yaani majuma yale yasiyo na mwezi, walikwenda kambi yao ya uvuvi huko kusini, mwendo mrefu kwa mashine ya boti, wanavua na kuanika dagaa kwenye mchanga, na hawarudi mpaka mbalamwezi. Mbalamwezi ndiyo likizo yao. Ndipo mwalo wa Katonga unapojaa waume, nguo zinafuliwa, na baa zinafanya biashara. Sisi wote tumekua tukiona hivyo na hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo mara mbili.

Miezi ikapita. Bonifasi akapimwa tena, kile kikopo kilekile, kitasa kilekile. Majibu yakawa mazuri kuliko tulivyoomba. Asnath mwenyewe alipiga makofi. Tukarudi nyumbani kwa furaha, na Veneranda akapika kuku.

Kumbe tulikuwa tumemkabidhi Mama Melania panga. Aliposikia kwamba mwanawe ni mzima, na hospitali imethibitisha, alishuka na basi la kwanza. Habari zilimfikia kwa kuchelewa; miezi mingine ilikuwa imepita na tumbo la dada yangu lilikuwa vilevile. "Sasa si mumeona wenyewe," alisema. "Mwanangu alikuwa na kasoro, imetolewa. Iliyobaki ni ya nani?" Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu aliyepiga hesabu ikatoka. Akampa Bonifasi muda mpaka baada ya Pasaka. Veneranda alianza kukunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye sanduku, kimoja kimoja, na kila nilipokwenda kumtembelea nilikuta sanduku limejaa zaidi.

Alikwenda kumuaga Asnath. Kwa kweli alikwenda kushukuru tu, na Bonifasi akamfuata, na mimi nikawafuata wote wawili kwa sababu nilikuwa na hasira na sikuweza kushona. Asnath alikataa kuagwa. Akavuta kiti.

"Hakuna ugonjwa hapa," alisema. "Mume mzima, mke mzima. Hebu niambieni kama watu wazima. Mnalala pamoja siku zipi?"

Nikajaribu kutoka nje, akaniambia nikae, kwani mimi nina nini cha kuficha.

"Mbalamwezi," alisema Bonifasi.

"Mbalamwezi," alisema Veneranda.

"Kwa nini mbalamwezi?"

Tukatazamana wote watatu. Ni swali ambalo mtoto wa Katonga hawezi kuuliza. Bonifasi akamweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mgeni, habari ya dagaa, taa na kambi. Asnath alisikiliza, kalamu mdomoni. Kwao Same kuna milima na mkonge, samaki anafika akiwa amekauka.

"Na wewe Veneranda, siku zako zinaanza lini?"

Dada yangu akaona aibu kwa sababu yangu, lakini akajibu. "Mwezi ukijaa. Tangu usichana wangu. Mama alikuwa akinitania kwamba mimi na mwezi ni mapacha."

Asnath akaweka kalamu chini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho, kisha akaona sura zetu na akaacha. Akatueleza kwa maneno mepesi. Yai la mwanamke hutoka katikati, kama wiki mbili kabla ya siku zake. Kwa Veneranda, katikati hiyo ni giza totoro. Mume anarudi mwezi unapokuwa mkubwa, wanapata siku mbili tatu, mke anaingia kwenye siku zake, zikiisha mume anapakia taa anaondoka. Yai linatoka, yeye yuko kambini anaangalia dagaa. Miaka yote ile.

"Mnapishana mlangoni," alisema Asnath. "Basi."

Tulipofika Mwanga, Bonifasi akasimama katikati ya watu, akasema, "Giza hili siendi."

Labda kwako unaona ni jambo dogo. Dagaa walikuwa wamejaa msimu ule, watu walikuwa wanajenga nyumba kwa giza moja. Martini alimwambia kwa upole kwamba atamtafuta mtu mwingine wa taa, na kwamba mtu huyo akizoea hatamfukuza. Bonifasi akasema sawa. Vyombo vikaondoka jioni moja, na shemeji yangu akabaki nchi kavu, mwanamume peke yake mwenye nguvu zake kwenye mwalo wote.

Mimi nilimhurumia. Nikamwambia aje akae dukani kwangu mchana, huku Mwanga hakuna anayemjua, asubiri giza lipite bila kuonekana. Nilidhani ni wazo zuri. Alisema, "Hapana, shemeji," na hakusema hata kwamba afikirie.

Badala yake alivaa shati lake jekundu, lile la sikukuu, akaenda kukaa Katonga kwenye chanja za kuanikia dagaa, katikati ya wanawake. Kila siku. Asubuhi anaanika nao dagaa walioletwa na boti kutoka kambi za uvuvi, mchana anageuza dagaa, anafukuza kunguru, anabeba ndoo. Na anapiga soga. Yule mtu asiyesema, alisema siku hizo kuliko miaka yake yote. Aliwasalimu wote kwa majina, aliuliza habari za watoto wao, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Wanawake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Walimwita mama Bonifasi. Wakamfunga kanga kiunoni, na akaifunga vizuri zaidi. Habari zilifika mpaka kwangu Mwanga; mteja mmoja alikuja kupima gauni akaniambia kuna mwendawazimu mpya Katonga. Nilikwenda kumwona, nikamvuta pembeni.

"Shemeji, unatuaibisha. Kama ni lazima ubaki, si ukae ndani kwako?"

"Hapa pana hewa," alinijibu, akarudi kwenye chanja.

Giza lile halikuleta kitu. Akakaa na la pili, kwa shati lilelile. Mtu mpya wa taa alikuwa amekwisha kuzoea. Mama Melania, huko Kasulu, hakuambiwa lolote, kwa sababu Veneranda aliomba asiambiwe tena habari za matumaini. Pasaka ikafika. Siku ya Ijumaa Kuu dada yangu alitapika kanisani, akatolewa nje na akina mama, na mwalo mzima ukajua kabla ya padri kumaliza.

Sanduku lilifunguliwa. Bonifasi akarudi kuvua, si kwa Martini, kwa chombo kingine kidogo, na akaanza upya kwenye kuvuta wavu kama kijana. Hakulalamika. Mbalamwezi zikaja na kuondoka, tumbo likakua, mama mkwe akawa anatuma ndizi na mafuta ya mawese.

Mtoto alizaliwa wakati wa giza, baba yake akiwa kambi ya uvuvi. Msichana, mwenye nywele nyingi. Mama Melania alishuka siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa sebuleni, alikowekewa mzazi kitanda, wanawake wa chanja wamejaa, wengine mlangoni, kila mmoja na kibaba cha unga. Yule bibi akampakata mjukuu, akafurahi, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso. Kisha nikamwona ametulia. Alitazama dirishani, kulikuwa kunaanza kuingia jioni isiyo na mwezi. Vidole vyake vikaanza kutembea, kimoja baada ya kingine, juu ya shali ya mtoto.

"Ametimiza miezi?" aliuliza.

"Ametimiza, mama," alisema Veneranda kutoka kitandani.

"Basi kama ametimiza, kazaliwa giza, tumbo nalo limeingia wakati wa giza." Alisema taratibu, bila kumtazama mtu. "Na giza waume wako ziwani."

Mimi ni mtoto wa hapa. Najua wanawake wa mwalo wanavyohesabu, najua kuna watu wazima hapa mjini, wana wake na kazi zao, ambao bado wananong'onwa kwamba si wa baba zao kwa hesabu hiyo. Sikuwa nimeifikiria hata mara moja. Asnath hakuifikiria, anatoka Same. Dada yangu aliuma midomo na kugeukia ukutani.

Ndipo chumba kizima kikaanza kusema kwa pamoja. "Giza lipi, mama? Giza lile alikuwa na sisi." "Alikuwa hapa kutwa, kavaa shati jekundu." "Alinibebea ndoo." "Mama, mwanao alituchosha kwa kuimba, magiza mawili mazima hatukupumzika." Mwingine akaigiza alivyokuwa anafunga kanga, wote wakaangua kicheko, na Mama Melania, kamshikilia mtoto, akageuza kichwa huku na huku akiwasikiliza kama shahidi baada ya shahidi. Hakukuwa na nyumba Katonga ambayo haikumwona. Bibi akacheka naye mwishoni. Akaenda akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwita Veneranda mwanangu, akamwomba ageuke amtazame.

Bonifasi alirudi mwezi ulipopevuka. Nilimngojea mwaloni. Alinuka dagaa na mafuta ya taa, na alikuwa anakimbia kumwona mwanawe, lakini nilimzuia kwanza kwa mkono.

"Ulijua," nilimwambia. "Ndiyo maana ulikataa kujificha dukani kwangu."

Alitazama viatu vyake, na ile aibu yake ya siku zote.

"Mimi wangenicheka magiza mawili, shemeji," alisema. "Yeye na mtoto wangewacheka mpaka kaburini."

Nilimpisha apite.